Mjusi wa Feruzi wa Kimboza: Uchambuzi wa Kisa cha Mnyama Aliyeufunga Uhai Wake kwenye Mti Mmoja

Katika wilaya ya Morogoro Vijijini, pale milima ya Uluguru inapoteremka upande wa mashariki na kuishia kwenye vilima vya mawe ya chokaa karibu na mto Ruvu, upo msitu wa hifadhi uitwao Kimboza. Ni msitu mdogo. Eneo lake lote ni kama kilomita nne za mraba, na lau si ukali wa mawe yake, mtu mwenye miguu mizuri angeuvuka asubuhi moja na kurudi kabla ya adhuhuri. Ndani yake anaishi mjusi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa hapo na katika vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, ukiwemo msitu wa hifadhi wa Ruvu. Mtaalamu wa wanyama watambaao Arthur Loveridge ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1952, akampa jina la Lygodactylus williamsi. Kwa miaka hamsini iliyofuata mjusi huyu alibaki akijulikana na wataalamu wachache tu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa 2004, makumi ya maelfu ya mijusi hao walitolewa msituni kwa muda usiozidi miaka mitano, na kufikia 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilikuwa limemweka katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ufupi: mjusi ni mzuri, watu wa ng'ambo wakamtamani, wakamataji wakamvamia. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Afrika Mashariki ina vinyonga na mijusi wengine wengi wa kuvutia waliokuwa wakisafirishwa miaka hiyo hiyo, na si wote waliofikia hali hii. Isitoshe, Kimboza ulikuwa msitu unaolindwa kisheria, na mjusi mwenyewe hakuwa haba ndani yake. Kwa maoni yangu jibu limo katika namna mnyama huyu anavyoishi. Tabia zile zile zilizomwezesha kustawi juu ya mkadi, mti wenye majani marefu ya miiba anakoishi, ndizo zilizomfanya awe rahisi kuvunwa, na ndiyo sababu kumhesabu mjusi mmoja mmoja hakutupi picha kamili ya hasara. Kinachopaswa kuhesabiwa ni mti. Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tumtazame mnyama kwa karibu.

Mnyama mwenyewe

Msomaji anayemjua mjusi kafiri, yule wa ukutani anayevizia wadudu karibu na taa usiku, tayari ana mahali pa kuanzia, maana wawili hawa ni jamaa. Wote hawana kope zinazofumba. Jicho limefunikwa kwa utando mwangavu, na mjusi huulamba kwa ulimi ili kuondoa vumbi. Wote hutembea juu ya vitu laini vilivyosimama wima kwa msaada wa vinyweleo vilivyo chini ya vidole, vidogo kiasi cha kutoonekana ila kwa hadubini, ambavyo huukaribia uso wa ukuta au jani kiasi kwamba mvuto dhaifu uliopo baina ya molekuli, ukijumlishwa mara mamilioni, hutosha kuubeba mwili mzima. Hakuna gundi wala ute unaohusika.

Tofauti zinaanzia kwenye saa za kazi. Mjusi wa Kimboza ni mnyama wa mchana, na mboni ya jicho lake ni ya mviringo, wakati mboni ya mjusi kafiri husinyaa ikawa ufa uliosimama wima inapokutana na mwanga. Ana pia jambo ambalo jamaa yake wa ukutani hana: ncha ya mkia wake, upande wa chini, ina vishikizo vya namna ile ile ya vidoleni, hivyo mkia humfanyia kazi ya mguu wa tano. Anaporuka kutoka jani hadi jani na miguu ikakosea, mkia unaweza kumshika. Urefu wake wote, tangu pua hadi ncha ya mkia, ni kama sentimita sita hadi nane, yaani hauzidi sana kidole cha mtu mzima.

Rangi ndiyo iliyomtia matatani, kwa hiyo inastahili maelezo zaidi. Dume aliyekomaa na kutawala ana rangi ya feruzi inayong'aa mgongoni na ubavuni, tumbo la rangi ya machungwa, na michirizi mizito myeusi kooni. Jike ni wa kijani, au wa kahawia inayoelekea rangi ya shaba, na watoto hufanana naye. Buluu hii haitokani na wino wa buluu uliomo ngozini. Ndani ya ngozi zimo seli zenye vipande vyembamba vya fuwele vinavyorudisha mwanga wa buluu na kuuacha mwanga mwingine upotelee katika tabaka jeusi lililo chini yake. Pale ambapo juu ya fuwele hizo kuna rangi ya manjano, macho yetu huona kijani. Mjusi anapopoa, anapoogopa au anapokamatwa, weusi husambaa na mng'ao hufifia, na dume ambaye dakika chache zilizopita alionekana kama kipande cha kito hugeuka kiumbe cha kijivu kilichofifia, ambacho asiyemjua asingemtazama mara mbili. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa litarudi tutakapofika kwenye vibali vya kusafirisha wanyama.

Mkadi kama nyumba

Ndani ya Kimboza, mjusi huyu hakai kila mahali. Anakaa juu ya mti wa jamii ya mkadi uitwao kwa jina la kisayansi Pandanus rabaiensis, jina lililotokana na Rabai, kule pwani ya Kenya. Watu wa pwani wanaujua mkadi kwa maua yake yenye harufu, lakini kwa mjusi cha maana ni majani. Ni marefu kama mikanda, magumu, yenye miiba midogo kingoni, nayo huota kwa kuzunguka shina kama ngazi ya mnara hadi kufanya kichaka kikubwa kileleni. Kila jani limelikumbatia shina kwenye kitako chake na kuacha kwapa lenye kina, na ndani ya kwapa hilo hukusanyika maji ya mvua, majani makavu, na wadudu wadogo waliofuata maji hayo.

Mtu akitafakari mahitaji ya mnyama mwenye urefu wa kidole, ataona kwamba kilele cha mkadi mmoja kinayatimiza yote. Kuna mahali pa kuota jua, kwa kuwa majani ya juu yamenyooka kuelekea mwanga. Chakula kipo, yaani wadudu, na maji yapo makwapani hata mvua inapokatika kwa siku kadhaa. Mayai yana pa kufichwa, palipo giza na penye unyevu. Miiba nayo hufanya kazi ya uzio. Mjusi akiwa ameota jua kwenye ubapa wa jani, kivuli cha ndege kikipita, hakimbilii ardhini wala haruki kwenda mti mwingine. Anateleza kwa kasi kuelekea kitako cha jani na kujisukuma ndani ya kwapa, akibana mwili wake mwembamba mahali ambapo mdomo wa ndege haufiki na nyoka atapata taabu kumtoa. Akishaingia, hatoki hadi kutulie. Mnyama wa namna hii hana haja ya kujifunza njia nyingi za kutoroka, kwa kuwa njia moja imemtosha kwa vizazi visivyohesabika.

Mkadi huo huo ndio mpaka wa himaya. Kwa kawaida kilele kimoja hulindwa na dume mmoja wa rangi ya feruzi, akiwa na jike mmoja au zaidi pamoja na watoto. Dume mwingine akijitokeza, mwenye mji hujibanisha ubavu ili aonekane mpana, hufura koo hadi michirizi myeusi ionekane wazi, hutikisa kichwa na kupunga mkia, na mara nyingi ugomvi huishia hapo bila meno. Lakini si kila dume aliyekomaa ni wa buluu. Dume aliye chini ya mamlaka ya mwenzake hubaki na rangi ya kijani inayofanana na ya jike, na kwa mavazi hayo huweza kuishi karibu na mtawala bila kufukuzwa. Nafasi ikiwa wazi, naye huanza kugeuka feruzi.

Uzazi wake ni wa polepole kuliko wengi wanavyodhani wanaposikia neno mjusi. Jike hutaga mayai mawili kwa mara moja, wakati mwingine moja, yenye ganda gumu la chokaa, na huyagandisha mahali pa siri kwenye mti. Chokaa ya kutengenezea ganda huiweka akiba katika vifuko vilivyo pande mbili za shingo, na jike aliye tayari kutaga mara nyingine huonekana kama amevimba mashavu. Mayai hayo huchukua miezi miwili hadi mitatu kuanguliwa, kutegemea joto. Jike anaweza kutaga mara kadhaa kwa mwaka. Hata hivyo ni mayai mawili kwa wakati, na yakiwa yamegandishwa kwenye mti hayawezi kuhamishwa pindi mti unapopatwa na balaa.

Jinsi walivyovunwa

Balaa lilikuja kwa panga. Mjusi huyu hukaa juu, na majani ya mkadi yana miiba, kwa hiyo kupanda ni kazi ngumu yenye faida ndogo. Njia iliyotumika sana ilikuwa kuukata mkadi wenyewe, ukaanguka, kisha kuwaokota mijusi kutoka katika kilele kilichokuwa sasa kimelala ardhini. Hapa ndipo tabia ya mnyama ilipomgeuka. Mti unapotikiswa na kuanguka, mjusi hufanya lile analofanya akiona kivuli cha ndege: anaingia kwapani na kujibanza. Kwa hiyo hatawanyiki. Familia yote, dume, majike, watoto na wale madume wa kijani, hubaki ndani ya kilele kile kile, na mkamataji hana la kufanya ila kuyafungua majani moja baada ya jingine. Kinga iliyowashinda ndege na nyoka ikawa mtego dhidi ya binadamu mwenye chombo cha chuma.

Wawindaji wengi wa wanyama wadogo hupata taabu ya kutafuta: wanyama wametawanyika, kila mmoja ana maficho yake, na kadiri wanavyopungua ndivyo gharama ya kumpata mmoja inavyopanda, hadi kazi isilipe tena. Ndivyo spishi nyingi zinavyopona bila msaada wa mtu. Kwa mjusi wa Kimboza kizuizi hicho hakikuwepo. Mkadi huonekana kwa mbali, umbo lake halifanani na la mti mwingine wowote msituni, na anayeujua mkadi anajua pia mijusi walipo. Hata wakibaki wachache, bado watakuwa juu ya mikadi iliyosalia, na gharama ya kuwapata haipandi sana hadi mkadi wa mwisho. Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote, na nashangaa kwamba halitajwi mara nyingi.

Tuje kwenye hesabu. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 walikadiria kuwa Kimboza kulikuwa na mijusi wapatao 150,000. Walieleza pia kwamba kundi moja la wakamataji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilitoa msituni mijusi wasiopungua 32,310 na pengine kufikia 42,610. Muda huo ni kama miezi 56. Kwa hiyo kundi hilo peke yake lilitoa kati ya mijusi 577 na 761 kila mwezi, au, tukigawanya kwa siku, kati ya 19 na 25 kila siku bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili.

Msomaji mwenye jicho la hesabu anaweza kusema kuwa idadi hiyo, ingawa ni kubwa, ni kama moja ya tano au robo ya mijusi waliokadiriwa, na kwamba ilichukuliwa kwa karibu miaka mitano ambamo wengine walizaliwa. Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa sahihi kama mijusi hao wangeokotwa kama maembe chini ya mwembe ambao mwakani utazaa tena. Lakini takwimu ile inahesabu waliofika mikononi mwa wakamataji. Haihesabu mayai yaliyobaki yamegandishwa ndani ya makwapa ya mkadi unaokauka, wala wale waliopondwa mti ulipoanguka. Na zaidi ya yote haihesabu nyumba: mkadi uliokatwa si mahali ambapo familia nyingine itahamia mwaka ujao, kwa sababu kilele kile hakipo tena. Aliyechukua mijusi wanane kwa kukata mti mmoja hakupunguza mijusi wanane. Alipunguza uwezo wa msitu kubeba wanane, na wajukuu wao, hadi hapo mkadi mwingine utakapokua na kufikia kimo cha kuwafaa. Eneo zima ambalo spishi hii inalikalia linakadiriwa kuwa kilomita nane za mraba tu, na ndani ya eneo hilo mikadi imekaa kwa mafungu, si kwa kuenea sawasawa.

Kuna udanganyifu mwingine, nao unatokana na ile desturi ya madume wa kijani. Tuseme mkamataji amepanda badala ya kukata, akamchukua dume wa feruzi peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye soko. Baada ya muda dume wa kijani aliyebaki hujigeuza na kushika nafasi. Anayepita chini ya mti ule ataona feruzi pale pale alipoiona zamani, na atahitimisha kwamba hakuna kilichopungua. Kumbe kilichotokea ni kwamba akiba imetumika. Hili linaweza kurudiwa zaidi ya mara moja kabla ya kilele kuwa kitupu, na wakati wote huo msitu utaonekana mzima kwa mtu anayetazama rangi.

Karatasi zilivyopita

Upande wa sheria una mafunzo yake, japo sitakaa sana hapo. Tanzania haikuwa imetoa vibali vya kumsafirisha Lygodactylus williamsi. Hata hivyo jenasi ya Lygodactylus, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi zaidi ya sitini, nyingi zikiwa mijusi wadogo wa kahawia na kijivu walioenea sana barani Afrika, na vibali vya kusafirisha baadhi yao vilikuwepo. Mizigo ilipita chini ya majina ya hao wengine. Hapa turudi kwenye jambo nililomwomba msomaji alikumbuke. Mjusi aliyefungiwa, aliyepoa na kuogopa, hana mng'ao wa feruzi. Amekuwa kiumbe cheusi chenye urefu wa kidole. Si vigumu kuona jinsi ofisa wa ukaguzi aliyesimama mbele ya kontena la viumbe mia wa namna hiyo, akiwa na karatasi yenye jina la jenasi sahihi mkononi, angeweza kugonga mhuri bila nia mbaya yoyote. Simtetei aliyepokea rushwa, kama yupo. Nasema tu kwamba mpango huu ungeweza kufanikiwa hata bila rushwa.

Upande wa pili wa bahari mlango wa kuuzuia mzigo ulikuwa dhaifu. Katika miaka hiyo yote mjusi huyu hakuwa kwenye orodha za CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa hiyo chini ya mkataba huo nchi ya kupokea haikuwa na wajibu wa kudai kibali cha nchi ya kutoa. Mjusi aliyetoka msituni kinyume cha sheria ya Tanzania aliweza kuuzwa waziwazi dukani Ulaya au Marekani. Kwa fikra zangu hili ndilo pengo lililogharimu zaidi, kuliko upungufu wa askari wa misitu pale Kimboza, ambao kwa kawaida ndio hulaumiwa kwanza.

Pengo hilo lilizibwa kwa hatua. Mnamo Desemba 2014 Umoja wa Ulaya ulimwingiza mjusi huyu katika orodha yake wenyewe ya spishi ambazo haziingizwi bila kibali. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huo huo, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, pendekezo la kumweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza lilipitishwa, na likaanza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Kiambatisho hicho ndicho kinachowabeba pia wanyama kama chui, na kinakataza biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini. Mkutano ule ule ulimpa daraja hilo mjusi mwingine mdogo wa rangi kali, Cnemaspis psychedelica, anayeishi kwenye visiwa vidogo vya kusini mwa Vietnam, ishara kwamba kisa cha Kimboza si cha pekee: eneo finyu, rangi ya kuvutia, na soko lililofika kabla ya sheria.

Tukirudi nyuma na kuhesabu, kutoka Desemba 2004 hadi Januari 2017 ni zaidi ya miaka kumi na mbili. Hakuna aliyelala kwa makusudi katika muda huo. Taratibu zenyewe ndivyo zilivyo, kila moja ikisubiri utafiti, ripoti na kikao cha mwenzake. Lakini mkadi haukusubiri kikao.

Mti uliokuja kuziba pengo

Mtu anaweza kudhani kwamba biashara ikishafungwa, msitu utajirekebisha. Kimboza una tatizo la pili ambalo halina uhusiano na urembo wa mjusi. Ndani yake umeenea mti wa mbao uitwao Cedrela odorata, wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, ulioletwa nchini kwa ajili ya kupandwa. Unakua haraka, na mbegu zake ni nyepesi zenye kijibawa, hivyo upepo huzipeleka mbali na mti mama. Popote palipo na uwazi msituni, mche wa Cedrela huwahi kuliko miche ya wenyeji. Ni kinaya kisichosahaulika kwamba huko kwao mti huu umekatwa sana kwa ajili ya mbao zake hadi tangu 2020 biashara yake nayo inadhibitiwa na CITES katika Kiambatisho cha Pili, ilhali Kimboza unahesabiwa kuwa mvamizi wa kung'olewa.

Mkadi unapokatwa huacha uwazi. Naona ni halali kuyaunganisha mambo haya mawili, ingawa kwa kawaida huandikwa katika sura tofauti za ripoti: mkamataji alifungua dirisha katika paa la msitu, na mvamizi mwenye mbegu za kupeperuka alikuwa karibu. Kilele kirefu cha Cedrela hakina makwapa ya kuhifadhi maji, hakina miiba, wala hakina ubapa wa majani ya kuotea jua kwa namna ambayo mjusi anaijua. Kwake ni nguzo tupu. Moto wa msimu wa kiangazi unaotoka kwenye mashamba ya pembezoni, pamoja na ukataji wa mbao na upanuzi wa mashamba yenyewe, hufanya kazi ileile kwa kasi nyingine.

Kumekuwa na juhudi za kuupunguza mti huo, lakini kazi hiyo inahitaji uangalifu ambao si rahisi kuueleza kwa kibarua anayelipwa kwa idadi ya miti. Cedrela mkubwa akiangushwa ovyo, huangukia mikadi iliyo chini yake, na uwazi unaobaki hujaa miche ya Cedrela hiyo hiyo kutoka kwenye mbegu zilizokwisha kudondoka. Kumwua akiwa amesimama, kwa kukata gome kuzunguka shina ili anyauke taratibu, huacha msitu na kivuli chake kwa muda, na kwa hoja ya mjusi naona ni njia bora, hata kama inachelewesha furaha ya kuona eneo limesafishwa.

Suala la wafugaji

Limebaki swali la mijusi walioko nje. Wanazaliana vizuri wakifugwa, na leo wengi walioko mikononi mwa wafugaji wa Ulaya na Marekani wamezaliwa humo humo. Wapo wanaosema kwamba hii ni habari njema, kwa kuwa mteja ana pa kumpata mjusi bila kugusa msitu, na kwamba soko la waliozaliwa kizuizini ndilo litakaloua soko la waliokamatwa. Wapo wanaosema kinyume: kwamba madhali kuna soko halali, mjusi wa porini anaweza kupitishwa ndani yake kwa kuandikiwa tu kwamba alizaliwa kwenye sanduku la kioo. Pande zote mbili zina ukweli, na uzito wa kila moja unategemea bei. Pale ambapo kumfuga ni rahisi kuliko kumsafirisha kwa siri kutoka Morogoro, mfugaji atashinda. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mijusi walioko ng'ambo hawawezi kuhesabiwa kuwa akiba ya Kimboza. Wengi wao asili yao haijulikani wala haijaandikwa, na kuwarejesha, hata kama ingeruhusiwa, kungehitaji kwanza kilele cha mkadi kisicho na mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya spishi hii sasa hana budi kubadili namna ya kuhesabu. Hesabu ya mijusi walioonekana kwa saa moja ya kutembea itampa jibu linalopanda na kushuka kulingana na jua la siku hiyo. Kinachofaa ni kuhesabu mikadi iliyosimama, kutenganisha iliyofikia kimo cha kubeba familia na ile ambayo bado ni michanga, kuandika mashina yaliyokatwa na kile kilichoota mahali pake, kisha kurudi kwenye mikadi ile ile mwaka hadi mwaka. Kwenye kila kilele kazi inapaswa kuanza asubuhi, jua linapoanza kuyagusa majani ya juu na mijusi wakitoka makwapani kuota. Watafutwe kwanza majike, watoto na wale madume wa kijani. Dume wa feruzi, ambaye kila mtu anamwona kabla ya wengine, aandikwe wa mwisho.